Bima ya mazishi kwa mzee mvutaji: tumkatie au tuchange?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia nyingi za Dodoma kumeingia mjadala ambao zamani ungeitwa uchuro. Mtoto aliyeko Houston au Minneapolis anaona matangazo ya bima ya gharama za mwisho, ile wanayouziwa Wamarekani wa kati ya miaka 50 na 85 ili wakifa wasiwaachie watoto deni la jeneza. Anauliza nyumbani: kwa nini na sisi tusimkatie mzee? Dada mkubwa anajibu kwamba mzee bado anavuta, na kampuni gani itamtaka. Mwingine anasema mzee aliacha tangu Pasaka. Wa nne anauliza kile kikundi cha kufa na kuzikana pale Chang'ombe kina kazi gani basi.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa mzee mvutaji ambaye yumo kwenye kikundi kilicho hai, bima ni ya kuongezea tu. Kwa mzee asiye na kikundi, bima ina maana, ila kitakachoamua kama familia italipwa ni kilichoandikwa kwenye fomu, kuliko ukubwa wa ada.

Kule Marekani bima hii ina sura mbili. Ya kwanza inauliza maswali ya afya bila kumpeleka mtu kupimwa. Ukipita, unalindwa tangu siku ya kwanza. Ya pili haiulizi chochote, kila aliye ndani ya umri anachukuliwa, lakini akifa kwa maradhi ndani ya miaka miwili ya mwanzo familia hurudishiwa tu alichokuwa amelipa na nyongeza kidogo, mara nyingi asilimia 10. Mvutaji anaweza kuingia kote kuwili. Kwenye ile yenye maswali atalipa ada kubwa kuliko asiyevuta. Kwenye zile zisizouliza, baadhi ya kampuni hazimtofautishi kabisa. Na kwa kampuni nyingi za huko, "aliyeacha" ni aliyetimiza miezi 12 bila nikotini ya aina yoyote.

Kwetu bima ya mazishi ipo pia, ila mara nyingi inakuja imebebwa na kitu kingine: akaunti ya benki, laini ya simu, au mkataba wa kikundi. Fidia yake ni ndogo na swali la kwanza la kuuliza ni ukomo wa umri wa kujiunga, kwa sababu wazee wengi wanakwamia hapo kabla hata ya kufika kwenye sigara.

Suala la bei ndilo linaloudhi watu. Kampuni zina hoja nzito. Utafiti wa Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 na kuchapisha matokeo mwaka 2004, ulionyesha kwamba aliyevuta maisha yake yote alikufa wastani wa miaka 10 kabla ya mwenzake asiyevuta. Bima ni mfuko wa pamoja. Bibi wa Mpwapwa ambaye hajawahi kugusa tumbaku akilipa sawa na mvutaji, anamchangia mwenzake bila kuulizwa.

Upande wa pili nao una la kusema. Mzee wa miaka 70 leo alianza kuvuta miaka ya sabini, akiwa kijana, wakati sigara ilikuwa alama ya mtu aliyefika mjini. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, yeye akikaribia miaka 50. Mpaka leo dukani anauziwa moja moja, na tumbaku yenyewe inalimwa na ndugu zake wa Manyoni kama zao halali la biashara. Leo unamwambia alipe zaidi kwa kosa ambalo nchi nzima ilimsindikiza kulifanya. Hoja hii inanigusa, lakini hainishawishi. Ada haipimi dhambi, inapima uwezekano wa kufa mapema, na uwezekano huo upo bila kujali nani alimwashia sigara ya kwanza.

Pale ninapowageukia watu wa bima ni kwenye hesabu ya muda mrefu. Tuchukue mfano wangu wa kubuni, usio bei ya kampuni yoyote: fidia ya shilingi 3,000,000, asiyevuta analipa 20,000 kwa mwezi na mvutaji 35,000. Asiyevuta atafikisha milioni tatu baada ya miaka 12 na nusu. Mvutaji atazifikisha baada ya miezi 86, yaani miaka saba na ushee. Akianza akiwa na miaka 67, siku anayotimiza 75 amekwisha kulipa zaidi ya kile watakachopewa watoto wake, na kama mkataba unadai ada mpaka kifo, ataendelea kulipa. Anayeumia zaidi hapo ni yule aliyeacha kweli, akapona kikohozi, akaishi, na hakuna aliyerudi kumshushia ada.

Halafu 20,000 kwa mwezi kwa mzee wa Bahi si fedha ya mchezo. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, kiasi kilikuwa hicho hicho, shilingi 20,000. Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Kwa hiyo tunapozungumzia ada ya mzee, tukubaliane kwamba kwa kawaida ni ada ya watoto.

Sasa huyu aliyeacha tangu Pasaka. Familia inaona ameacha, basi ahesabiwe na wasiovuta. Kampuni inataka mwaka mzima, na familia inaona inaonewa. Lakini jiulize mzee aliyevuta miaka 45 anaacha kwa nini ghafla. Mara nyingi ni kwa sababu amebanwa na kifua usiku, au amekohoa kitu kilichomtisha, akapelekwa hospitali na daktari akamwambia, "Mzee wangu, sigara basi." Watafiti wa afya wanalijua hili siku nyingi: kwenye takwimu, walioacha karibuni wakati mwingine huonekana wakifa kwa wingi kuliko hata wanaoendelea kuvuta. Si kuacha kulikowaua. Ni ule ugonjwa uliowafanya waache. Ndiyo maana wakala mzoefu, akisikia "aliacha", swali lake la pili litakuwa "kwa nini?"

Hata hivyo miezi 12 nayo haikushuka na wahyi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Kwa saratani ya mapafu, kushuka kwa kiasi hicho kunachukua kama miaka 10. Mwaka mmoja ni maafikiano ya kibiashara: unautendea haki moyo, mapafu unayafumbia macho. Kwa mteja ni nafuu, na sioni sababu ya familia kulilalamikia sharti hilo. Utafiti ule wa Doll ulionyesha pia kwamba anayeacha akiwa na miaka 60 anajiongezea kama miaka mitatu ya kuishi, kwa hiyo mzee ana sababu ya kuacha hata kama hakuna kampuni itakayompunguzia senti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jinsi fomu inavyojazwa. Wakala kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, kishikwambi mkononi. Anayejibu ni binti. Mzee yuko pembeni kwenye kigoda, anasikiliza nusu. "Mzee anatumia sigara?" "Aliacha." "Lini?" Binti anamtazama mzee, mzee anatazama kuku. "Andika tu hapana, kaka, tusikucheleweshe." Wakala, ambaye analipwa kamisheni kwa mkataba unaopita, anaandika hapana. Na wakati wote huo kwenye mfuko wa koti la mzee kuna kikopo cha ugoro ambacho hakuna aliyekiuliza.

Ugoro Ugogoni si jambo la pembeni. Wazee wengi, wake kwa waume, hawajawahi kuvuta sigara lakini ugoro hauwaishi. Fomu ikiuliza sigara tu, mzee anajibu hapana na ni kweli. Fomu za Marekani zinauliza tumbaku au nikotini ya namna yoyote, na pale kampuni inapoamua kupima, mate au mkojo hutafutwa kotinini, kitu ambacho mwili unakitengeneza kutokana na nikotini na ambacho hubaki mwilini siku kadhaa. Kipimo hicho hakijui kama nikotini ilipitia puani au ilivutwa kwa moshi. Fomu za kwetu zingeuliza kuhusu ugoro kwa jina, kisha kampuni iamue yenyewe kama inaupandishia ada. Kuliacha swali hilo hewani ni kumtegea mteja mzigo atakaoubeba akishakufa.

Kuna watakaosema: nani atajua? Kampuni zetu hazipimi mtu kwa bima ya milioni tatu. Kweli. Ila angalia karatasi zinavyokutana. Mzee huyo huyo, akienda hospitali, daktari atamuuliza na atasema ukweli, maana anataka kupona: navuta tangu ujana, nilipunguza, nilirudia. Inaandikwa kwenye faili. Akifa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kampuni ina haki ya kuomba taarifa za ugonjwa wake, na hapo "hapana" ya binti inakutana na "tangu ujana" ya mzee. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa mwombaji. Kampuni ikikataa madai, hata Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au TIRA yenyewe, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, yenye makao makuu hapa hapa Dodoma, hawana pa kuanzia kukutetea. Kama wakala ndiye aliyeandika asichoambiwa, hilo ni lalamiko halali. Kulithibitisha ndiyo kazi, kwani sahihi ni yenu.

Kikundi cha kufa na kuzikana hakiulizi sigara wala ugoro. Wapenzi wa kikundi hulitaja hili kama ushahidi wa utu wetu dhidi ya ubaridi wa kampuni, lakini kikundi nacho kinachuja, kwa macho. Mwenyekiti anajua nani anakohoa. Mgeni akija akiwa amekonda, anaambiwa asubiri miezi kadhaa kabla jina lake halijaanza kuhesabika kwenye daftari. Nguvu halisi ya kikundi iko kwenye saa. Mtu akifariki alfajiri, saa nne turubai limesimama, sufuria zimefika, vijana wako makaburini na jembe. Kwa Waislamu, ambao kwao bima ya kawaida ina maswali yake ya kidini na wengine huelekea kwenye takafuli, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, maziko ni siku hiyo hiyo. Fedha ya bima inataka cheti cha kifo, kitambulisho cha mnufaika, majina yanayolingana. Na mzee ambaye kwenye kadi ya kliniki ni Yohana, kwenye kitambulisho cha NIDA ni John, na mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa, atawasumbua watoto. Fedha ya bima ikifika baada ya wiki tatu, hiyo ni ya kulipa madeni ya msiba. Si haba, lakini haikuchimba kaburi.

Kikundi kina ugonjwa wake pia. Kikiwa cha rika moja, wanachama wanazeeka pamoja na kufa pamoja. Misiba mitatu ndani ya mwezi mmoja inalimaliza sanduku. Mweka hazina anahama. Na kikundi hakihamishiki. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, watumishi wengi wamewachukua wazazi wao kutoka Rombo au Bukoba wakaishi nao Ilazo na Nzuguni. Mzee wa namna hiyo amekiacha kikundi chake kijijini, huku mjini hajulikani hata na jirani wa pili, na akifa kuna gari la kusafirisha mwili mamia ya kilomita. Hapo mchango wa mtaa hautoshi, na hapo bima inastahili hata kwa ada ya mvutaji.

Kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo ushauri wangu ni tofauti, na hauhusu mapafu. Fedha yake inakuja kwa msimu, ada inadaiwa kila mwezi. Akikosa mfululizo, mkataba unakufa kabla yake. Kama kampuni haikubali ada ya mwaka au ya msimu, abaki na kikundi.

Linabaki swali la aliyeacha tangu Pasaka: akate sasa kwa ada ya mvutaji, au asubiri miezi 12 itimie? Kwa mfano wangu ule, tofauti ni 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo nyongeza ya kuanza mapema akiwa bado anahesabiwa mvutaji. Kama mkataba una miaka miwili ya kusubiri, akianza leo na miaka 67 atalindwa kikamilifu akiwa na 69. Akingoja mwaka, ni 70, tena kwa ada ya umri uliosogea. Mimi ningelipa hiyo 180,000, kwa sharti moja lililoandikwa: kwamba akitimiza mwaka bila tumbaku, kampuni itaiangalia upya ada yake bila kuanzisha upya kipindi cha kusubiri. Wakikataa kuliandika hilo, achukue iliyopo, na mwakani akipata nafuu kwingine asiiache ya zamani mpaka ile mpya iwe imeanza kumlinda kikamilifu.