Kioo cha kwanza na udongo unaokula ushahidi

Muulize mtu kioo kilianza kutengenezwa wapi, atakujibu Misri. Simlaumu. Kwenye makumbusho makubwa vichupa vya manukato vya enzi za Mafarao vimejaa makabatini, buluu yake bado mbichi, mistari ya njano na nyeupe imepindwapindwa kama manyoya ya kanga. Kabati la jirani, la Mesopotamia (Iraq ya leo na jirani zake), lina vipande vya rangi ya majivu vinavyobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Macho yanakuwa yameshatoa hukumu kabla mtu hajasoma hata kibao kimoja cha maelezo.

Kile kisa cha Pliny, Mrumi wa karne ya 1, hakitusaidii. Anasimulia kuwa wafanyabiashara wa magadi walitua penye mlango wa mto Belus, karibu na Akko, wakakosa mawe ya kuinjikia vyungu, wakafanya mabonge ya magadi kuwa mafiga, mara mchanga ukayeyuka na kioo kikatiririka. Aliyewahi kutia magadi kwenye makande anajua jiko la mafiga halina moto wa hivyo. Kioo cha maana kinataka nyuzi joto 1,000 hivi au zaidi, tena moto ushikiliwe kwa saa nyingi.

Ubishi wenyewe ni kati ya Misri na Mesopotamia pamoja na Syria ya kaskazini. Mimi naona upande wa pili unaonewa, na anayeuonea zaidi ni maji. Kioo cha zamani kilipikwa kwa mchanga au mawe ya kwatzi yaliyosagwa pamoja na majivu ya mimea ya chumvichumvi. Kikizikwa penye unyevu, maji huichomoa ile chumvi polepole, kioo kikabaki ganda. Makaburi ya Misri yamo kwenye mchanga mkavu. Miji ya Mesopotamia imo kwenye udongo wa mito na mifereji. Nuzi, mji wa kale karibu na Kirkuk, kaskazini mwa Iraq, ilifukuliwa kati ya 1925 na 1931 ikatoa shanga za kioo kwa maelfu, nyingi zikiwa zimeshapoteza rangi. Kulinganisha idadi ya vyombo vizima vya pande hizi mbili ni kulinganisha ukame na unyevu, si ufundi.

Na kwa tarehe, Mesopotamia iko mbele. Bonge la kioo cha buluu la Eridu, kusini mwa Iraq, huwekwa kwenye karne ya 21 KK, na ziko shanga za kabla ya hapo. Vyombo vya kioo vinaanza kuonekana huko yapata karne ya 16 KK. Misri, kioo chake kinaanza kuwa na sura ya kazi ya kudumu chini ya Thutmose wa Tatu (1479–1425 KK), mfalme yule yule aliyepiga vita Syria mwaka baada ya mwaka na kurudi na nyara. Vipo vyombo vitatu vyenye jina lake.

Lakini ushahidi ninaorudi kwake kila mara ni barua za Amarna, uliokuwa mji wa Farao huko Misri, zile bamba za udongo zilizopatikana mwaka 1887. Katikati ya karne ya 14 KK, Farao anaagiza kioo kwa watawala wadogo wa pwani ya Kanaani. Yidya wa Ashkeloni anajibu kwamba anatuma vipande 30 kama alivyoamriwa. Abi-Milku wa Tiro anasema ametoa alichokuwa nacho mkononi, uzani wa 100. Vipande 30! Si shehena hiyo, ni kitu cha kubebwa na punda mmoja. Mfalme tajiri kuliko wote wa zama zake anamwandikia liwali wa Ashkeloni kwa ajili ya vipande 30, na liwali anajibu kwa unyenyekevu kama anayetuma dhahabu.

Wanaoitetea Misri husema hiyo ilikuwa kodi tu: Farao aliwadai vibaraka wake nafaka, mafuta na bia pia, na hakuna anayesema Misri haikujua kupika bia. Hoja nzuri. Huongeza kwamba barua ziliandikwa kwa Kiakadi, lugha ya Mesopotamia waliyoitumia mabalozi wa wakati ule, kwa hiyo jina la kigeni la kioo lisitushangaze. Hapo nasita. Neno analotumia Yidya ni ehlipakku, nalo si la Kiakadi. Ni la Kihurri, lugha ya watu wa dola ya Mitanni, huko huko kaskazini zilikotoka shanga za Nuzi. Karani wa Ashkeloni, akimwandikia Mmisri kwa Kiakadi, alipofika kwenye kioo alichukua neno la Wahurri.

Hata hivyo neno hutuambia bidhaa ilipitia kwa nani, haliendi mbali zaidi ya hapo. Sisi meza tumeipata na jina lake kwa Mreno, na bado seremala wa Lamu hakuhitaji Mreno amshikie randa.

Majina mengine yanapendeza tu, hayaamui kitu. Wababeli walitofautisha lapisi lazuli, lile jiwe la thamani la buluu, “ya mlimani” na ile “ya tanuri”. Wamisri walikiita kioo jiwe la kumiminwa. Wote waliona jiwe. Hata yule baharia Mgiriki wa karne ya 1 aliyeorodhesha bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari ya kale kwenye pwani yetu, aliandika mawe ya kioo ya aina kadhaa.

Misri nayo ina karata nzito. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alifukua mabaki ya karakana za kioo Amarna mwaka 1891 na 1892. Miaka ya 1990 mtafiti Paul Nicholson na wenzake walijenga upya tanuri la mfano wa huko, wakatumia mchanga wa papo hapo, wakapata kioo. Mwaka 2005 watafiti Thilo Rehren na Edgar Pusch wakaeleza kazi ya Qantir, kwenye delta ya Mto Naili, yapata 1250 KK: malighafi ikipikwa kwanza ndani ya mitungi, ikasagwa, kisha ikayeyushwa tena kwenye vyungu vilivyopakwa chokaa ndani ili mkuo wa kioo, yaani bonge lililoganda, utoke bila kung'ang'ania. Kwenye meli iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK, kulikuwa na mikuo ya kioo ipatayo 175, na iliyopimwa imelingana na kioo cha Misri. Kwa hiyo anayesema Wamisri waliyeyusha tu kioo cha wenzao amekosea. Mesopotamia ya zama hizo haijatoa karakana ya kushindana na Qantir.

Ila Qantir na Uluburun zinajibu nani alikuwa anatengeneza karne ya 14 na ya 13. Nani alianza ni swali jingine, na mjadala hulipita kimyakimya kila inapotajwa meli ile.

Mesopotamia imetuachia pia maelekezo ya kazi, kwenye bamba za Ninawi, mji mkuu wa Waashuru, za karne ya 7 KK. Yamechelewa mno kuwa ushahidi wa mwanzo, lakini ndiyo yanayonifikisha karibu zaidi na fundi. Tanuri lijengwe mwezi wenye heri. Mgeni asiingie, mtu asiye safi asipite hata mbele yake. Siku ya kuingiza kioo achinjwe kondoo. Kuni ziwe magogo manene ya mpopla, yaliyomenywa magome, yaliyokatwa mwezi wa Abu, wa kalenda yao. Pima mina 10 (mina ni kipimo cha uzani cha kale) za jiwe, mina 15 za majivu, saga kila kimoja peke yake.