Asali ya Tabora Chini ya Taa za Disko

Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yameisha, mabanda ya Ipuli hapa Tabora yameshafungwa, ila mimi bado nina donge na sitalimeza.

Jioni moja, giza limeshaingia, nikasimama kwenye banda la kikundi cha wafuga nyuki. Sitakitaja. Juu ya meza wamezungusha ule mkanda wa taa unaobadilika rangi: nyekundu, kijani, bluu, nyekundu tena, haupumziki. Kijana mmoja akainua chupa, akaigeuza geuza, akauliza, "Mama, hii ni asali au oili ya trekta?"

"Asali mwanangu, ya miombo hiyo, ya nyuki wakubwa," mama wa watu akajibu kwa upole.

Kijana akairudisha mezani, akaenda zake kwenye mishikaki.

Asali ile naijua. Mchana ukiiinua kuelekea dirishani ni nyekundu iliyokolea, safi, unaona hadi kidole chako upande wa pili wa chupa. Lakini asali hunyonya mwanga wa bluu na kupitisha wa njano na nyekundu. Mulika kwa taa ya bluu, inakuwa nyeusi tii. Kwa hiyo nyuki kahangaika porini, mama katoka nayo Sikonge kwenye basi, halafu fundi wa mapambo anakuja kuizika kwa taa aliyobakiza kwenye harusi ya wikiendi iliyopita!

Nikavuka upande wa pili, kwenye banda la taasisi moja. Hapo hela ipo. Bango kubwa lenye picha ya kiongozi limepigwa taa mbili za nguvu, vifungo vya suti unavihesabu. Chini yake, meza ya bidhaa za wajasiriamali: giza. Kumbe tulikuja kununua suti.

Jamani, hivi hatuna wa kutufundisha? Wenzetu wa Kigoma, ambao kanda yao ndiyo hii hii ya Magharibi, wanavua dagaa kwa taa miaka nenda rudi, tangu enzi za karabai. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika hamuliki pua ya mtumbwi wake ili watu wausifie. Anamulika maji, pale anapotaka dagaa wajikusanye. Na mbalamwezi ikiwa kali hulala nyumbani, maana anajua taa yake haitaonekana. Taa huwekwa pale unapotaka macho yaende. Basi. Mteja ana macho mawili tu, na ukimpa bango linalong'aa kuliko chupa, atasoma bango na kuondoka.

Tena asali ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote kuimulika. Panga chupa kwenye ubao wa nyuma, weka kitambaa cheupe nyuma yake, na nyuma ya kitambaa taa. Mwanga ukipenya chupa, rangi inajitangaza yenyewe, huhitaji kipaza sauti. Balbu zilizojaa madukani kwetu ni nyeupe inayoelekea ubluu, boksi limeandikwa 6500K. Iache. Ulizia ya 3000K au 2700K, yenye mwanga wa njano. Kama boksi linaonyesha Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya kitu, chukua ya 90. Ya 80 ni ya kuvumilia. Taa ya mbele iwe juu, imeinama kwenye bidhaa, isimchome mteja machoni.

Mtasema umeme, mtasema jenereta inakunywa mafuta. Haya, ni kweli. Ila taa ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika mezani unabaki robo. Ile taa kubwa mliyoning'iniza kwenye paa la hema inamulika vumbi. Balbu ya LED ya wati 9, ikikaa karibu na chupa, inafanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Mchana napo ni balaa lingine. Turubai la bluu linapaka kila kitu ubluu, hata nyuso za wauzaji, tandika jeupe. Na Agosti jua letu la saa sita huegemea kaskazini, kwa hiyo banda linalotazama huko linapigwa jua hadi mezani. Mwanga unautaka, joto hulitaki: asali iliyoachwa juani siku nzima inazidi weusi na vimeng'enya vyake vinaharibika. (Na asali kuganda si ushahidi kwamba imetiwa sukari. Acheni kuwasumbua wauzaji.)

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba taa za kumetameta huvuta watoto, na watoto huja na wazazi. Basi zifungwe mlangoni, mita kadhaa kutoka kwenye asali. Mkulima wa tumbaku hawezi kukubali majani yake yapangwe madaraja chini ya taa ya kijani, kwa sababu rangi ndiyo bei. Sijui nani kawaambia wafuga nyuki kwamba kwao ni tofauti.

Suala la spika sita kwenye banda la mita tatu nitaliandika wiki ijayo, masikio yakishazibuka.