Nilivyoagwa Nikienda kwa Fundi Zipu

Kituruki kina neno lake rasmi la kusema "nitakwenda": gideceğim. Ile ğ ya katikati haitamkwi, inavutwa tu, na mimi nikiivuta nasikika kama mtu aliyebanwa na chafya. Basi nilifurahi mwalimu wetu pale Eskişehir, Uturuki, alipotuambia kwamba Waturuki wenyewe, jambo wakishalipanga, husema tu gidiyorum, "ninakwenda", ilimradi utaje lini. Kumbe kama sisi! "Julai naenda nyumbani." Gideceğim nikaitupa jalalani.

Jumamosi moja ya Machi nashuka ngazi na sanduku langu la safari, zipu imekufa, nalipeleka kwa fundi. Teyze wa ghorofa ya pili (kila mama mtu mzima kule ni teyze) akauliza, kulikoni na sanduku?

"Tanzanya'ya gidiyorum," nikaanza, Julai ikiwa bado ulimini. Hakuingoja. Alipiga ukelele, milango ikafunguka jengo zima.

Kapıcı, msimamizi wa jengo, akaja kunipokea mzigo. Akajikaza, akalinyanyua, likampaa hadi kifuani. Akamnong'oneza teyze. Wote wakanitazama kwa huruma: mtoto wa watu kasoma ugenini, anarudi kwao na sanduku tupu!

Wakaanza kulijaza. Börek ya moto (andazi lao la tabaka, lenye kujazwa ndani), chupa za jamu ya vişne, cheri zao chachu, soksi za sufu za kumpelekea baba. Baba yangu yuko Tanga.

"Gitmiyorum!" nikapiga kelele. Siendi!

Teyze akazidi kulia. "Maskini, hataki kutuacha."

Sanduku likafungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, nikasukumwa nje, na teyze akamwaga bakuli la maji nyuma yangu. Ndiyo desturi yao ya kumwagia msafiri: nenda kama maji, rudi kama maji. Na maji yale yalifanya kazi haraka, maana njaa ilinirudisha kabla ya magharibi. Börek nilishaimaliza kwa fundi, tukisaidiana.

"Ndege imekuacha?" teyze akauliza mlangoni.

"Temmuz'da," nikamjibu. Julai.

Jamu akaniachia. Soksi alizichukua.

Julai ikafika. Nikashuka na sanduku lile lile, zito kweli safari hii, nikamwita kwa sauti: "Teyze, bugün gidiyorum!" Leo ninakwenda!

Akachungulia dirishani. "Haya mwanangu. Ukirudi niletee mkate."