Kabla ya Kuyasifu Maji, Tuonyesheni Tope

Kiwanda kikikukaribisha ukaone maji yanayotoka mwisho wa mtambo wake wa majitaka, maangavu kabisa, omba uonyeshwe na tope. Nimefanya kazi kwenye mitambo hii, na inanisikitisha polima inavyosifiwa kuwa imesafisha maji wakati kazi imefika nusu.

Polima ninayoizungumzia ni ule unga mweupe wa mifuko ya kilo 25, mara nyingi poliakrilamaidi. Chembe ndogo mno zilizomo kwenye majitaka, ziwe za rangi ya vitenge, za damu na mafuta ya kiwanda cha samaki au za udongo wa machimbo, kwa kawaida hubeba chaji hasi. Husukumana, ndiyo maana unaweza kuyaacha maji yale yametulia kutwa nzima na bado yakabaki na ukungu. Shabu au kloridi ya chuma huiua ile chaji, chembe zikaanza kugusana. Hapo ndipo polima inapoingia. Molekuli yake ni mnyororo mrefu ajabu, na mnyororo mmoja hukamata chembe nyingi kwa pamoja, zikawa mabonge mazito yanayozama mbele ya macho yako.

Tena inatosha kidogo sana. Kwa dozi ya miligramu 1 kwa lita, kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku kinatumia kilo 1 tu ya unga. Mfuko mmoja unafika siku 25, ukiacha polima ya kukamulia tope. Kwa hiyo nikiona mifuko inaisha haraka kuliko hapo najua tatizo liko kwenye matumizi. Mara nyingi ni namna ya kuuchanganya. Unga unatakiwa unyunyizwe kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka. Ukiumwaga kwa pupa unafanya madonge kama uji uliokorogwa vibaya, na madonge hayo huziba pampu bila kufanya kazi yoyote. Kisha uachwe ukomae, nusu saa hadi saa nzima, kikorogeo kikienda polepole, maana kasi kubwa hukata ile minyororo ambayo ndiyo uliyoilipia. (Na ukimwagika sakafuni ukalowa, huteleza vibaya mno. Wapeni vijana viatu vya maana.)

Jambo jingine ni jaribio la bika. Unapanga bika (glasi za maabara) sita za majitaka ya siku hiyo, kila moja na dozi yake, unakoroga haraka kwa dakika moja, kisha taratibu, halafu unaacha yatuame. Halichukui hata saa mbili. Lakini viwanda vingi huendelea na dozi aliyoiacha muuzaji siku ya kufunga mtambo, ingawa rangi inayochemshwa leo siyo ya wiki iliyopita. Kuongeza polima “ili iwe na uhakika” kunaharibu: chembe zikifunikwa kupita kiasi zinaanza kusukumana upya, maji yanarudi kuwa na ukungu. Na ikiwa ni polima yenye chaji chanya, ziada inayotoka na maji hunata kwenye mashavu ya samaki, yenye chaji hasi, ikawazuia kupumua. Mtu anayemwaga polima bila kupima anaweza kuua mto kwa dawa ya kuusafisha.

Hata ikitumika vizuri, polima haigusi kilichoyeyuka. Chumvi, sukari na pombe hupita kama zilivyo. Kwenye viwanda vya nguo, rangi za aina ya disperse, zinazokaa majini kama chembe, hukamatika vizuri. Zile za reactive, zinazopendwa kwenye pamba, huyeyuka na nyingi hupenya. Ndiyo maana maji yanaweza kupendeza kwenye glasi na bado yakashindwa vipimo. Kiwango cha Tanzania ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu) miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni ya kuuvunja uchafu kwa kemikali) 60. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka COD 50. Huwezi kufika huko kwa mfuko wa unga peke yake. Unahitaji vijidudu vinavyokula uchafu, kwenye mabwawa au matanki ya hewa.

Sasa lile tope. Chukua kiwanda kile kile cha mita 1,000 kwa siku, chenye chembe miligramu 400 kwa lita. Ukizishusha zote umepata kilo 400 za tope kavu kila siku, bila kuhesabu kinachoongezwa na shabu yenyewe. Likitoka kwenye tanki la kutuamishia lina yabisi asilimia 2 hivi, kwa hiyo ni tani 20 za uji mzito. Mashine ya kukamua, kwa msaada wa polima ileile ya chaji chanya, inaweza kulifikisha asilimia 20: tani 2. Hapo ndipo polima inapostahili sifa kuliko popote, na hapo ndipo wengi hawataki kununua mashine.

Kisha tani hizo zinaenda wapi? Sumu iliyokamatwa kwenye maji imo humo, kromiamu ya viwanda vya ngozi na metali za rangi, safari hii vikiwa vimekusanywa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kadimiamu na risasi kwenye mboga zilizolimwa kando ya mito Msimbazi na Sinza, Dar es Salaam. Mchicha hauulizi kama sumu ilikuja na maji au ilisombwa na mvua kutoka kwenye rundo la tope nyuma ya ukuta.

Wapo wanaosema tuachane na poliakrilamaidi, tutumie mbegu za mlonge au tanini (kemikali ya magome) ya miwati, miti inayolimwa Njombe kwa ajili hiyo hiyo ya tanini. Naunga mkono wajaribu; Brazili tanini ya miwati inauzwa kwa kazi hii tayari. Lakini mlonge nao unashusha tope.

Ombi langu kwa wakaguzi wa mazingira ni moja. Mkifika kiwandani, kabla ya kuchota sampuli ya maji, ombeni daftari la polima na daftari la tope, mziweke pamoja. Kiwanda cha ukubwa huu kinapaswa kuonyesha takriban tani 12 za tope kavu kwa mwezi, pamoja na risiti za mahali lilipopokelewa. Daftari likionyesha mbili, zile kumi zitafutwe siku hiyo hiyo, kuanzia kwenye mtaro wa nyuma.