Aliyeuza Kiti Mara Mbili Ndiye Alipe

Ni biashara chache ambapo mteja analipa pesa yote mapema, anafika kwa wakati, ana uthibitisho mkononi, halafu anaambiwa alichonunua amekwisha kupewa mwingine. Usafiri wa ndege ni mojawapo, na kinachoniuma ni jinsi tulivyozoeshwa kuliona jambo hili kuwa la kawaida. Tangazo linatoka langoni kwamba abiria wamezidi viti, watu wanatazamana, na kila mmoja anaomba moyoni asiitwe yeye. Hakuna anayeuliza waliozidi waliuziwa na nani.

Mashirika ya ndege huuza tiketi kupita idadi ya viti kwa makusudi. Yanajua, kwa kumbukumbu za miaka mingi, kwamba kwenye njia fulani, siku fulani na saa fulani, baadhi ya waliokata tiketi hawatatokea. Kuna anayeugua, kuna anayekwama barabarani, na kuna ambaye ndege yake ya kwanza imechelewa akaikosa ya kuunganisha. Kiti kikiondoka kitupu, nafasi yake ya kuuzwa imekwisha milele. Kwa hiyo kompyuta inakadiria ni wangapi watakosekana, na tiketi za ziada zinauzwa kufidia pengo hilo. Siku nyingi makadirio yanakuwa sahihi na hakuna anayejua lolote.

Hesabu yenyewe naielewa na siipingi. Ninachokataa ni maelezo kwamba shirika linajikinga na hasara. Abiria asiyetokea mara nyingi alikuwa na tiketi isiyorudishiwa pesa, kwa hiyo kiti chake kimekwisha kulipiwa. Anapouziwa mtu wa pili, shirika linapokea nauli mbili kwa kiti kimoja. Hiyo ni faida, na wenye mashirika wana haki ya kuitafuta. Lakini anayeweka dau ili apate faida ndiye anayepaswa kulipa siku dau linapokwenda kombo. Haiwezekani ushindi uwe wa shirika kila siku, halafu siku ya kushindwa atafutwe abiria wa kubeba mzigo.

Tazama pia upande wa pili wa mkataba. Wewe ukichelewa langoni dakika chache, mlango umefungwa, na hata tiketi ya kurudia inaweza kufutwa kwa sababu hukutumia ya kwendea. Hutasikilizwa ukisema ulifanya makadirio ya foleni na yakakosea. Shirika likikosea makadirio yake, wewe unaombwa uwe mwelewa.

Tarehe 9 Aprili 2017, kwenye uwanja wa ndege wa O'Hare jijini Chicago, Marekani, dunia iliona uelewa huo unavyodaiwa kwa nguvu. Ilikuwa Jumapili jioni, na ndege ya United Express, jina la safari fupi za shirika la United, safari namba 3411 kwenda Louisville, ilikuwa imejaa. Abiria wote walikuwa wamekaa. Ndipo shirika likasema linahitaji viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliotakiwa kuwahi kazi Louisville. Kwa hakika, kama shirika lenyewe lilivyokuja kukiri, safari ile haikuwa imeuzwa kupita viti. Tatizo lilikuwa la ndani, la kupanga wafanyakazi, likahamishiwa kwa watu waliokwisha kufunga mikanda.

Walianza na dola 400 za vocha, yaani hati ya kulipia safari ya baadaye, na malazi ya usiku, wakapanda hadi dola 800. Ndege iliyofuata ambayo wangepewa ilikuwa ya Jumatatu mchana, na hakuna aliyejitokeza. Basi wakachaguliwa wanne. Watatu walishuka. Wa nne, daktari wa miaka 69, alikataa akisema ana wagonjwa wa kuwaona asubuhi. Wakaitwa maofisa usalama wa uwanja wa ndege.

Nimeitazama video ile zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama palepale. Ofisa anamwinamia mzee aliyekaa dirishani na kumng'oa kitini. Kunasikika ukelele, kisha uso wake unagonga sehemu ya kuegemeza mkono ya kiti cha upande wa pili. Anapoburutwa kwa mikono kwenye ujia wa katikati, amelala chali, miwani imeteleza usoni, shati limepanda, tumbo liko wazi mbele ya watu. Abiria wengine wamenyanyua simu, na mwanamke mmoja analia akiwaambia waangalie walichomfanyia. Baadaye mzee yule akafanikiwa kurudi ndani akikimbia, damu mdomoni, akirudia kwamba ni lazima aende nyumbani. Wakili wake alisema alivunjika pua, alipoteza meno mawili na alipata mtikisiko wa ubongo.

Kutoka Chicago hadi Louisville kwa gari ni kama saa tano. Wafanyakazi wale wanne wangeweza kukodishiwa gari jioni ileile.

Mkurugenzi mkuu wa United wakati huo, Oscar Munoz, kwanza aliwaandikia wafanyakazi wake waraka uliomwelezea abiria yule kama msumbufu na mgomvi. Hasira ya watu ilipopanda na hisa zilipotikisika ndipo kauli ikageuka kuwa ya kuomba radhi bila masharti. Kabla mwezi haujaisha shirika lilimalizana naye nje ya mahakama kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Baadaye maofisa wawili walifukuzwa kazi. Lakini aliyeshika simu na kuwaita maofisa hao alikuwa akifuata utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ndio unaonitia hofu kuliko mikono ya wale waliomburuta. Mgogoro wa bei kati ya muuzaji na mnunuzi ulikabidhiwa kwa watu wenye sare. Hakuna aliyekuwa hatarini ndani ya ndege ile mpaka walipoingia wao.

Tena pesa ya kuyamaliza ilikuwepo. Sheria ya Marekani wakati ule ilikuwa inamruhusu abiria aliyenyimwa safari kwa lazima kulipwa mara nne ya nauli yake ya kwenda, mwisho dola 1,350, kama angechelewa zaidi ya saa mbili. Mnada wa vocha uliishia 800. Ungeendelea hadi 1,000, 1,500, hata 2,000, mtu angeinuka mwenyewe. Kwenye ndege yenye abiria wapatao sabini hukosi mwanafunzi asiye na haraka, au mstaafu ambaye Jumatatu na Jumanne kwake ni sawa. Lakini ikaonekana rahisi kuwaita maofisa usalama kuliko kutaja namba kubwa zaidi.

Na hili la mnada si wazo la jana. Mwaka 1968 mchumi Julian Simon alipendekeza abiria waandike bei ambayo wangekubali kulipwa ili wabaki, na walioomba kidogo ndio wabaki. Mashirika yaliona ni mzaha. Mwaka 1972 Ralph Nader, mtetezi maarufu wa walaji, alinyimwa kiti na Allegheny Airlines alipokuwa anakwenda Hartford kuhutubia mkutano. Akashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba shirika linaweza kushtakiwa kwa kutomwambia abiria kuwa linauza tiketi kupita viti. Baada ya hapo mchumi mwingine, Alfred Kahn, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya serikali iliyosimamia usafiri wa anga, akalichukua wazo la Simon, na mwaka 1978 ikawa kanuni: kabla hujamnyima mtu safari, tafuta kwanza wa kujitolea kwa malipo.

Kanuni hiyo inafanya kazi pale inapoachwa ifanye kazi. Mwaka 2016 mashirika makubwa ya Marekani yalipata zaidi ya watu 430,000 waliokubali kubaki kwa malipo, na zaidi ya 40,000 waliachwa kwa lazima. Baada ya aibu ya Chicago, United ikasema wahudumu wake wanaweza kutoa hadi dola 10,000, Delta ikasema 9,950, Southwest ikatangaza kuacha kabisa kuuza kupita viti. Mwaka huo wa 2017 kiwango cha walioachwa kwa lazima kikashuka hadi 0.34 kwa kila abiria 10,000, kutoka 0.62 mwaka uliotangulia. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba wakati mwingine hakuna njia ila kumtoa mtu kwa nguvu, siamini. Njia ilikuwepo, ila haikupewa pesa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: anachaguliwa nani. Mashirika huangalia nauli uliyolipa, kama wewe ni mwanachama wa daraja la juu kwenye mpango wao wa wateja wa mara kwa mara, na ulijisajili safarini saa ngapi. Watoto wanaosafiri peke yao na watu wenye ulemavu kwa kawaida hawaguswi, na ni sawa. Lakini ukikiondoa kikundi hicho, anayebaki chini ya orodha ni yule aliyenunua tiketi ya bei nafuu na anayepanda ndege kwa nadra. Huyo ndiye aliyedunduliza nauli kwa muda mrefu. Ndiye anayewahi msiba, harusi ya mdogo wake, usaili wa kazi. Ndiye pia asiyejua haki zake na anayeogopa kuuliza. Mfumo unamtafuta mtu ambaye kuachwa kutamgharimu zaidi, kwa sababu kumwacha kunaligharimu shirika kidogo.

Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza kumtoa abiria kwenye ndege bila ridhaa yake kwa sababu ya viti, akishakubaliwa kupanda na pasi yake kupokelewa langoni, isipokuwa kwa sababu za usalama, afya au utovu wa nidhamu. Ni hatua nzuri. Ila tazama mstari umechorwa wapi. Aliyekaa kitini analindwa. Aliyesimama hatua mbili kabla ya mashine ya kusoma pasi bado anaweza kuachwa, ingawa wamelipa nauli ileile na wamefika saa ileile. Mateso yamehamishwa kutoka mahali penye kamera sabini za simu hadi kwenye kaunta ambako mtu anajadiliana peke yake, akiona aibu, huku foleni ikimpita.

Niliwahi kusimama kwenye kaunta ya namna hiyo nyuma ya mama mmoja wa makamo. Pasi yake ilikuwa na jina, tarehe na namba ya ndege, lakini mahali pa namba ya kiti palikuwa patupu. Kijana wa kaunta alimsogezea karatasi na kalamu.

"Mama, ukisaini hapa tunakupa vocha na hoteli."

"Nisiposaini, mwanangu?"

"Leo hutasafiri vilevile, mama."

Akasaini. Sidhani kama kijana yule alikuwa na nia mbaya; alikuwa ametoka jasho na alimwita mama kwa heshima. Lakini kwa saini ile mama yule aliingia kwenye kumbukumbu kama mtu aliyejitolea, na huenda alipoteza palepale haki ya kulipwa kama mtu aliyenyimwa safari. Nani alimweleza? Hakuna. Tangu siku hiyo sizisomi takwimu za wanaojitolea kwa utulivu niliokuwa nao.

Umoja wa Ulaya umejitahidi zaidi. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inalitaka shirika litafute kwanza wa kujitolea, na likimwacha mtu asiyeridhia, limlipe mara moja euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, pamoja na chakula, malazi na chaguo la kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Nauli uliyolipa haiingii kwenye hesabu, kwa hiyo mwenye tiketi ya bei nafuu hadharauliwi. Marekani fidia bado inafuata nauli na ina ukomo, tena kuna mianya: ndege ikibadilishwa kwa sababu za kiufundi ikaletwa ndogo zaidi, aliyekosa kiti anaweza asipate kitu.

Ningependa ukomo huo wa fidia uondolewe kabisa na mnada uendelee mpaka apatikane anayeridhika, langoni kama ilivyo ndani ya ndege. Shirika lililopata faida kwa kuuza kiti mara mbili miezi yote halitafilisika kwa kumlipa mtu mmoja vizuri siku moja. Na likiona gharama imezidi, litapunguza tiketi za ziada lenyewe, bila kusubiri kuhimizwa na bunge.

Mpaka hapo, ukiitwa kaunta, usishike kalamu haraka. Uliza kama unaombwa kujitolea au unanyimwa safari, na majibu yote yaandikwe. Ukiwa Marekani na ukanyimwa safari kwa lazima, una haki ya kupewa maelezo ya haki zako kwa maandishi na kulipwa fidia kwa fedha taslimu au hundi badala ya vocha. Ukipewa vocha, uliza inaisha lini na kama siku za msongamano zimo. Hakikisha kiti kwenye ndege inayofuata kimethibitishwa kwa namba, kwa sababu orodha ya kusubiri inaweza kukurudisha kwenye kaunta hiyohiyo kesho yake. Na ukiambiwa kiasi kilichotajwa ndicho cha mwisho, uliza ni nani mwenye mamlaka ya kukiongeza, kisha mwombe mhudumu ampigie simu ukiwa umesimama hapo.