Utoro si sababu

Mwalimu wa darasa la sita katika skuli moja ya pwani, Kaskazini Unguja, alinifungulia rejista yake ya mahudhurio akaniambia nitazame majina ya wanaume tu. Nikapitisha kidole. Alama zinakwenda vizuri siku kumi, kumi na tano, halafu zinakatika. Zinarudi, zinakatika tena. Nikasema labda homa. Akacheka. "Tazama na mwezi," akasema, na hakuwa na maana ya kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda taa hazina kazi, boti zinapumzika, na wavulana wake wanarudi darasani. Giza likiingia wanaondoka. Huenda na kurudi hivyo miezi na miezi, mpaka baada ya giza moja kuna ambaye harudi tena.

Fomu ya takwimu ilipomfikia, wote aliwaandika kwa neno moja: utoro.

Neno hili limebebeshwa mzigo usio wake. Vitabu vya takwimu za elimu vya Tanzania Bara vimeliweka miaka mingi kuwa sababu ya kwanza ya watoto kuacha masomo, mbali kabisa na sababu nyengine, na huku kwetu visiwani ukimuuliza mwalimu habari za mvulana asiyeonekana, jibu la mwanzo ni hilo hilo. Mambo ya msichana yana majina. Kaolewa, kapata mimba. Ni tukio lenye siku yake na watu wa kuulizwa, tena lina sheria: ile ya 2005 ya kumlinda mwari na mtoto wa mzazi mmoja iliondoa kifungo kwa mwari aliyepata mimba. Ya mvulana hayana jina wala siku. Mtoro ni mtu asiyehudhuria, kwa hiyo kusema ameacha skuli kwa utoro ni kusema hayupo kwa kuwa hayupo.

Wavulana kuacha skuli si jambo la Zanzibar peke yake. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa ripoti iliyowahusu wavulana tu, na hesabu yake ni kwamba wavulana milioni 132 wa umri wa msingi na sekondari hawasomi, zaidi kidogo ya nusu ya watoto wote walio nje ya skuli duniani. Katika nchi 57 zenye takwimu, wavulana wa miaka 10 walikuwa nyuma ya wasichana katika kusoma. Sababu zilizotajwa ni zile tunazozijua bila ya ripoti: kazi za mapema, bakora, na fikra za watu kuhusu mwanamme anatakiwa awe nani. Hapa kwetu wasichana wamekwishawapita wavulana kwa idadi katika madarasa ya sekondari. Mtu akiingia darasa la Form Three na kuhesabu mitandio na kofia ataona mwenyewe.

Sasa kwa nini? Wanaolizungumza jambo hili wamegawika, na kila upande una ushahidi wake.

Wa kwanza wanasema ni pesa. Hoja yao siidharau. Msimu wa karafuu Pemba unajieleza wenyewe: kilo ya daraja la kwanza, kwa bei ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar iliyowahi kusimama miaka kadhaa kwenye shilingi 14,000, ni fedha ambayo mtoto anaiona ikihesabiwa mbele ya macho yake. Mchumaji analipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Mtoto mwepesi anafika kwenye vitawi ambavyo baba yake vingemvunjikia, na ndiyo maana anatakiwa, na ndiyo maana pia kila msimu haupiti bila ya mtu kuanguka. Dada zake wapo chini, wamekaa kwenye jamvi wanachambua makonyo pamoja na mama yao. Nao wamekosa skuli. Lakini karafuu ikimalizika dada anarudi darasani, na kaka ameshaonja kushika chake mfukoni.

Baharini ni zaidi, kwa sababu bahari ipo kila mwezi. Kijana wa miaka kumi na nne anaanza kwa kusukuma chombo na kupewa samaki wa kitoweo. Baadaye anapewa mgawo. Siku moja wakubwa wanakwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, Wapemba upande wa Unguja au hata Tanga, na yeye anachukuliwa apike na achote maji chomboni. Wachuuzi wa dagaa wanaopeleka mzigo mpaka Kongo hawaulizi cheti. Huku tunapenda kuwaambia watoto kwamba elimu ni bahari. Tumesahau kuwa bahari yenyewe iko nyuma ya darasa, inaonekana dirishani.

Kwa wanaosema hivi, mengine yote ni visingizio, na ada haiwezi kulaumiwa, kwani elimu ilitangazwa bila malipo tangu Septemba 23, 1964. Ni kweli. Ila sare, madaftari, tuisheni na kambi ya mitihani havikutangazwa bila malipo, na mtoto wa kiume anajua kwamba yeye anaweza kuvipunguza nyumbani kwa kutokwenda.

Hoja hii inanishinda mahali pamoja. Chukua nyumba moja Micheweni, Pemba. Paa moja, baba mmoja, deni moja dukani. Mtoto wa kike yuko Form Two na kaka yake ameacha skuli, yuko darasa la saba la maisha, kama wanavyotania wenyewe. Umaskini umewakuta wote wawili. Kwa hiyo unaweza kunieleza ni nyumba gani itakayotoa mtoto skuli, lakini hauwezi peke yake kunieleza ni mtoto yupi.

Wa pili wanasema tusiilaumu bahari, tuitazame skuli. Kwa sera ya elimu ya 2006, hesabu na sayansi zilihamia Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekuwa akigawanya maembe kwa Kiswahili mwezi wa Disemba anakuta mwaka unaofuata kitabu hakimsemeshi tena. Anakaa kimya. Aliyekaa kimya miezi sita huhesabiwa mjinga, naye huanza kuamini. Kisha kuna bakora, na kila aliyesoma visiwani anajua zinaanguka zaidi mgongo wa nani. Msichana hugombezwa, mvulana hupigwa, na watu huona ndivyo anavyokomazwa. Akifika darasa la sita amekwishafundishwa kwamba skuli ni pahala pa kuvumilia.

Hoja ya hawa naikubali kuliko ile ya kwanza, lakini nayo ina tundu. Msichana yumo darasa lile lile, Kiingereza kile kile, joto na msongamano ule ule. Mbona yeye anabaki? Jibu la haraka ni kwamba wasichana wana bidii. Sina hakika. Wengi wao hawana pa kwenda. Hakuna diko, yaani pahala wanaposhushia wavuvi, la wasichana wa miaka kumi na nne. Mwani upo, tangu miaka ya mwisho ya themanini wanawake wa Paje na kwengineko wanaulima, lakini ni kazi ya jua na chumvi yenye malipo madogo, na msichana amemwona mama yake akirudi nayo mgongoni. Kwake skuli hata ikiwa mbaya ni bora kuliko kukaa nyumbani akingoja posa. Tunaposema wasichana wamefaulu kubaki, tujue huenda tunasifia ukosefu wa mlango.

Kwa hivyo pande mbili hizi, kwa maoni yangu, zinabishana juu ya asubuhi moja. Kijana ametoka baharini alfajiri. Ameshusha, amegawana, amefika nyumbani, amevaa sare bila ya kulala. Anafika skuli saa mbili na robo. Mlangoni kuna mwalimu wa zamu na bakora yake, na waliochelewa wamepangwa mstari. Anachapwa, anaingia, anasinzia, anasimamishwa, anaulizwa jambo kwa Kiingereza. Wiki inayofuata hachelewi. Haendi kabisa. Mtafiti akija mwakani na dodoso lake atamuuliza: uliacha skuli kwa sababu ya kazi, au kwa sababu ya adhabu, au hukupenda masomo? Atatia alama kwenye kazi, kwa kuwa kazi ndiyo jibu la heshima. Hakuna kijana anayemwambia mgeni kwamba alikuwa akiona haya kwa kutojua kusoma.

Mama naye atasema, "Mwenyewe hakutaka." Sheha, kiongozi wa mtaa, atasema utandawazi. Mwalimu atasema wazazi hawana mwamko. Neno hili mwamko nalo lingestahili kupumzishwa. Kila mmoja hapo anataja kosa la mwenzake, na mtafiti anayekusanya majibu kwa siku mbili anaondoka na orodha ya lawama akidhani ni orodha ya sababu.

Kuna sauti ya tatu, nayo mara nyingi ni ya wanawake waliopigania skuli za wasichana tangu haijawa desturi. Wanauliza kwa nini tumeanza kuhuzunika leo. Msichana alipokuwa nyuma tuliita mila, mvulana amebaki nyuma tunaita janga. Tena, wanasema, huyo mvulana aliyeacha bado atapata kazi, bado atarithi zaidi, bado atakuwa na neno la mwisho nyumbani. Wanatoa mfano wa Lesotho, ambako wavulana wamekuwa wakipelekwa machungani tangu wadogo na wasichana wakajaa madarasani vizazi na vizazi, na bado wanawake wa huko hawakutawala nchi kwa ajili hiyo. Hapa Zanzibar vijana wa kike wanasoma zaidi na wanakosa ajira zaidi.

Naukubali ukweli wa maneno haya, na nadhani yanaingia ndani ya swali la wavulana kuliko wanavyokusudia wasemaji wenyewe. Kijana anaona. Dada yake amemaliza Form Four, cheti kimo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na yeye yupo nyumbani anapika. Jirani aliyeacha darasa la sita ana bodaboda. Papasi wa Nungwi, kijana wa kuwazungusha watalii, asiye na cheti chochote anazungumza Kitaliano na ana simu ya bei. Mtoto akipiga hesabu hiyo na kuondoka, amekosea kwa miaka thelathini ijayo, lakini kwa miaka mitatu ijayo hesabu yake haina makosa. Mpango unaomhubiria thamani ya elimu bila ya kugusa bahasha iliyoko juu ya kabati hautamrudisha.

Na hofu kwamba kumsaidia mvulana ni kumnyang'anya msichana ina historia yake pia. Bangladesh ilianza 1994 kuwalipa wasichana wa vijijini posho ya kusoma sekondari. Wasichana walijaa, wakawapita wavulana, na baadaye posho ikabidi ipanuliwe kwa watoto wa maskini wa jinsia zote. Haikuwa kosa kuanza na wasichana. Lakini mtoto wa kiume wa maskini hakuwa na ubavu wa kungoja zamu yake, na hakungoja.

Juu ya dawa nitapita haraka. Mafunzo ya amali yanatajwa katika kila hotuba, na vituo kama Mkokotoni, Vitongoji na Daya vinafanya kazi ya maana, ila kijana aliyekwisha kushika mgawo wake baharini hataki kuambiwa aanze useremala kwa kuwa ameshindwa hesabu. Skuli za ghorofa zinazojengwa ili mikondo miwili, yaani kusoma kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, ipungue zinanipa matumaini zaidi kuliko semina, kwa sababu moja ya kawaida sana: mtoto wa mkondo wa mchana ana asubuhi nzima ya kushinda dikoni, na dikoni hapotezi muda, anachuma.

Kuhusu utafiti nina rai moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawahitaji dodoso jipya. Wachukue rejista za skuli kumi za pwani na kumi za mashamba, miaka mitano nyuma, waziweke pembeni mwa kalenda ya mwezi na misimu ya karafuu. Wafuatilie ndugu wa kike na wa kiume wa nyumba moja. Watazame mvulana alianza kukosekana lini, si alifutwa lini, kwani baina ya siku hizo mbili kuna mwaka au zaidi ambao mtu angeweza kwenda kubisha hodi kwao. Na waangalie alama za Kiingereza za darasa la tano kabla ya kuuliza habari za umaskini.

Yule mwalimu alinionesha jina moja lililopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mvulana nilikutana naye baadaye, chini ya mti wa mkungu, anashona wavu, mikono inakwenda bila ya kutazama. Nikamuuliza kwa nini ameacha skuli. Alishangaa kweli.

"Sijaacha, ami. Nilikwenda dago."

Nikamuuliza lini. Akafikiri kidogo, akahesabu kwa vidole magiza yaliyopita, vikamwishia vidole vya mkono mmoja, akaanza wa pili.