Piranha huyu hali nyama, anakula magamba

Mhariri, mmeandika kwamba piranha wote, wale samaki wa Amerika Kusini wenye meno makali, humaliza ng'ombe kwa dakika chache. Hapana jamani. Yuko mmoja, Catoprion mento, kwao ni kwenye mito ya Amazon na Orinoco, na chakula chake kikubwa ni magamba ya samaki wengine.

Mtazameni vizuri. Ni bapa kama sahani, rangi ya fedha, na doa la machungwa nyuma ya jicho. Urefu kama sentimita 15 tu. Pezi la mgongoni linatoa nyuzi ndefu zinazopepea. Taya la chini ndilo kituko: limetokeza mbele, na meno yameinuka kuelekea nje. Huvizia, kisha humgonga mwenzake ubavuni mdomo ukiwa wazi kabisa, magamba yakang'oka, naye anayaokota. Aliyegongwa anajiendea zake, magamba yataota tena.

Hadithi ya ng'ombe ilisambazwa sana na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, baada ya safari yake ya Brazili ya 1913 na 1914. Huyo huyo alipita hapa Butiaba, Uganda, kando ya Ziwa Albert, mwaka 1910!

Mimi nimekulia ziwani Albert. Sisi tuna ngassa, yule samaki mwenye meno ya nje hata akifunga mdomo. Marehemu baba alimpiga rungu kwanza ndipo amtoe wavuni. Ni ukoo wa mbali wa piranha. Mbona huyo hamjawahi kumwandika?